Kitandiko cha ndani ya mtumbwi: namna ya kulinda mizigo na unyevu

Salamabila haiko kando ya ziwa wala kando ya mto mkubwa, lakini vitu vingi vinavyouzwa kwenye soko lake vimepita juu ya maji mahali fulani. Chumvi, sabuni, sukari na vitambaa vingine vinatoka upande wa Uvira na Baraka kwa mabwato ya ziwa Tanganyika, kisha vinapandishwa kwenye gari au pikipiki. Mpunga na karanga za Kasongo na Kabambare nazo zinavuka mito: Lualaba yenyewe, na Luama inayoteremka toka milima ya upande wa Tanganyika mpaka kuingia Lualaba. Wakati wa mvua, pale barabara inapogeuka matope, mtumbwi ndio gari.

Mchuuzi anayepakia mifuko 20 ya mchele mara nyingi amekopa pesa ili ainunue. Mifuko 3 ikifika na harufu ya uvundo, faida ya safari nzima imekwisha. Mifuko 6 ikifika hivyo, deni linabaki. Na mara nyingi mtumbwi haukuzama, mvua haikunyesha, hakuna aliyeona maji yakiingia. Unyevu ulipanda toka chini kidogo kidogo, usiku kucha.

Makala hii inaeleza vitu ambavyo watu hutandika kwenye sehemu ya mizigo ndani ya mtumbwi au bwato, kipi kinafaa kwa mzigo gani, na kipi kinaweza kuleta hatari.

Maji yanatoka wapi?

Kabla ya kununua kitandiko, ni lazima kujua unapigana na maji gani. Yako ya aina nne.

Ya kwanza ni yale yanayoingia toka chini. Mtumbwi wa mti mmoja hupasuka kwenye vichwa vyake ukianikwa jua. Bwato la mbao huvuja kwenye viungo vya mbao na kwenye matundu ya misumari. Karibu kila chombo cha mbao kina maji kidogo chini, na watu wa pwani wanaojenga majahazi wana jina la mahali hapo: ngama. Ni pale maji hukusanyika yakingoja kutoshwa.

Ya pili ni yale ya juu: mvua, mawimbi, na maji ya makasia au ya moteri.

Ya tatu watu husahau: maji yaliyo ndani ya mzigo wenyewe. Mpunga ambao haukukauka vizuri unabeba maji yake mwenyewe. Hakuna kitandiko kinachoweza kuuponya.

Ya nne ni jasho la mtumbwi. Mchana hewa iliyo katikati ya mifuko inapata moto na kubeba mvuke. Usiku maji ya mto yanapoza mbao, bati au bashi. Ule mvuke ukigusa kitu baridi unageuka matone, sawa vile matone yanavyokaa chini ya kifuniko cha sufuria. Matone yanaanguka juu ya mifuko. Hii ndiyo sababu mzigo uliofungwa kabisa kwa bashi unaweza kulowana bila tone moja la mvua.

Kitandiko kizuri kinafanya nini?

Kitandiko kizuri kinatenganisha mfuko na maji ya chini. Kinaacha hewa ipite. Kinaweza kuinuliwa haraka ili mtu aone chini. Hakiozi upesi, hakipitishi harufu wala sumu kwenye chakula, na hakishiki moto kwa urahisi. Hakuna kitu kimoja kinachofanya kazi hizi zote. Kwa hiyo watu wenye ujuzi huweka tabaka mbili au tatu, kila moja na kazi yake.

Miti na mianzi: tabaka la kwanza

Kabla ya bashi, kabla ya mkeka, miti. Fito nyembamba au mianzi iliyopasuliwa inapangwa chini, halafu nyingine juu yake kwa kukingamana, zote zikifungwa kwa kamba kama kichanja. Maji yanabaki chini ya miti, hewa inapita katikati, mifuko inakaa juu.

Kichanja kiwe cha vipande viwili au vitatu, si kimoja kirefu, ili mtu mmoja aweze kukiinua. Kisipigiliwe misumari kwenye mbao za mtumbwi: kila msumari ni tundu jipya.

Kuna jambo la kuangalia kwenye mtumbwi mdogo. Ukiinua mzigo unainua pia uzito, na mtumbwi wenye uzito juu unapinduka upesi. Kwenye mtumbwi mwembamba wa mti mmoja, kichanja cha vidole vinne kinatosha. Kwenye bwato pana la mbao, shibiri moja haina shida. Kama maji ya chini yanafika juu ya hapo, dawa si kuongeza miti, ni kuziba mtumbwi.

Mikeka na majani

Mkeka una faida moja ambayo plastiki haina: unapitisha hewa na kunyonya jasho. Ukitandikwa juu ya kichanja, na mwingine ukisimamishwa kwenye mbavu za mtumbwi, mifuko haigusi mbao baridi. Majahazi ya pwani ya bahari ya Hindi yalitumia njia hiyo kwa miaka mingi sana, fito chini na mikeka juu yake.

Ubaya ni kwamba mkeka uliolowana unakuwa nyumba ya ukungu. Baada ya kila safari lazima uanikwe juani. Ukiwa na madoa meusi au harufu ya uvundo, usirudi ndani ya mtumbwi.

Bashi na shiti

Hiki ndicho kitu kinachotafutwa zaidi, na pia kinachotumiwa vibaya zaidi. Bashi nzito au shiti iliyofumwa inazuia maji ya nje kabisa. Lakini inazuia pia mvuke usitoke. Mtu akitandika bashi chini, akaipandisha pembeni, akaifunga juu kama zawadi, ametengeneza chungu cha kupikia.

Njia iliyo bora ni kutumia vipande viwili. Kipande cha kwanza kinakaa juu ya kichanja na kupanda pembeni mpaka juu ya mifuko ya chini, kama beseni. Juu yake unawekwa mkeka, ndipo mifuko. Kipande cha pili ni cha mvua: kinawekwa juu ya mzigo kwa mtelemko kama paa, kikiwa kimeinuliwa na mti wa katikati ili kisilale juu ya mifuko. Mbele na nyuma paachwe wazi kidogo hewa ipite. Mvua ikikoma, kinafunguliwa.

Wakati wa kununua, bashi iinuliwe kuelekea jua: ukiona nukta nyingi za mwanga, imekwisha kuchakaa. Ikunjwe kwa nguvu: ikitoa unga mweupe au kupasuka kwenye mkunjo, jua limeila. Nailoni nyembamba ya kufunikia meza ni rahisi kwa bei, lakini inapasuka kwenye safari ya kwanza ikigusa mti wenye ncha.

Bati

Wengine hutandika bati za zamani za nyumba, wanaziita manjanja. Bati ni ngumu na haipitishi maji, lakini ndiyo inayotoa jasho kuliko vitu vyote kwa sababu inapoa upesi. Chumvi inaila, kutu inapaka mifuko, na ncha zake zinakata mifuko na miguu. Kama hakuna kitu kingine, iwekwe chini ya mkeka mzito, ncha zake zikunjwe.

Tripleksi

Mabwato makubwa yenye chumba cha mizigo wakati mwingine hupigwa tripleksi ndani. Hapa tofauti iko kwenye gundi. Tripleksi ya kawaida ya dari na makabati imeshikizwa na gundi inayolegea ikilowana. Baada ya miezi kidogo inafunguka kama kurasa za kitabu. Ile iliyotengenezwa kwa ajili ya mabwato ina gundi isiyoyeyuka kwa maji.

Njia ya kujua bila kusoma maandishi: kata kipande kidogo, kichemshe kwenye sufuria kwa saa moja au mbili, kikauke, kisha kichemshe tena. Kikiachana, hakifai. Kikibaki kimoja, kinaweza kutumika. Lakini hata tripleksi nzuri inakunywa maji kwenye ncha zilizokatwa, ndiyo maana ncha hupakwa rangi ya mafuta mara mbili au tatu kabla ya kuwekwa. Na rangi ipakwe juu ya mbao kavu; ikipakwa juu ya mbao mbichi, inafungia maji ndani na kubanduka.

Sponji na zulia

Mabwato ya kutembelea huko Ulaya na Marekani mara nyingi yana zulia au sponji ndani ya visanduku vyake, na picha zake zinafika kwenye simu. Si kila sponji ni sawa. Ile ya matela inakunywa maji na kuyashika siku nyingi, inanuka, panya anaipenda, na inashika moto upesi kwa moshi mbaya. Hiyo isiingie kwenye mtumbwi wa mizigo, zaidi sana ule wenye moteri.

Ile ya kandambili, ngumu, yenye vishimo vidogo vilivyofungika, hainywi maji. Inafaa kuzuia bidoni au sanduku la dawa lisigonge mbao. Kipimo ni rahisi: zamisha kipande ndani ya ndoo, kikamue chini ya maji, kisha kitoe. Kikiwa kizito na kudondosha maji, ni cha matela. Kikiwa chepesi kama mwanzo, ni kile kingine.

Lami, mafuta na rangi

Lami inaziba mianya, lakini mahali pake ni nje ya mtumbwi. Ikipakwa ndani, jua likiwaka inalegea, na harufu yake inaingia kwenye mchele. Mafuta machafu ya moteri ambayo wengine hupaka ndani ili mbao zisioze ni mabaya zaidi, juu yana sumu na harufu haitoki. Kwenye bwato la kubeba chakula, ndani iachwe mbao tupu iliyokauka, au ipakwe rangi ya mafuta iliyopewa siku nyingi kukauka mpaka harufu iishe.

Mafundi wa pwani huziba viungo kwa pamba iliyotiwa mafuta, inayoshindiliwa kwa patasi kwenye mianya. Kazi hiyo wanaiita kalafati. Wazo lake linafaa popote: kizibo kinachovimba kikipata maji ni bora kuliko kizibo kigumu kinachopasuka mbao zinapocheza.

Kila mzigo na kitandiko chake

Mpunga na mchele vinataka kichanja, beseni ya bashi, mkeka, na hewa. Mpunga wa kuweka usizidi asilimia 14 ya maji. Kama hakuna mashine ya kupima, chumvi inapima. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mpunga kama robo yake, ongeza kijiko cha chumvi iliyokaushwa vizuri, funika, tikisa dakika chache, acha kidogo. Chumvi ikishika kwenye kioo, mpunga una maji mengi, urudishwe juani. Chumvi ikianguka chini, unaweza kusafiri.

Karanga zinataka ukavu zaidi, karibu asilimia 7 au 8, na hazitaki kurundikwa kwenye plastiki.

Chumvi na sukari ni kinyume. Chumvi inavuta maji toka hewani pale unyevu wa hewa unapopita karibu asilimia 75, na juu ya mto usiku inapita hapo mara nyingi. Hivyo hazihitaji hewa, zinahitaji kufungwa: mfuko wa plastiki ndani ya mfuko wa nje, shingo ikikunjwa na kufungwa kwa kamba ya mpira.

Simenti vilevile. Hewa yenye mvuke tu inatosha kuigandisha polepole. Iwekwe juu ya kichanja, ifunikwe bashi pande zote, isafiri siku chache iwezekanavyo. Ikifika na mabonge yasiyovunjika kwa vidole, nguvu yake imepotea, nyumba isijengwe nayo.

Dawa na vipimo vya malaria vya vituo vya afya vinataka bidoni au pipa lenye mdomo mpana na kifuniko cha kukaza. Nyingi zimeandikwa zisipite digrii 30, kwa hiyo pipa lisikae chini ya bashi nyeusi juani. Kitandiko cha mkeka chini na kivuli juu vinasaidia. Vitabu vya shule, mbegu na makaratasi ya kazi vinasafiri hivyo hivyo.

Bidoni za mawese zipakiwe mbali na mifuko, kwa sababu zinachuruzika. Bidoni za esansi zikae peke yake, mahali penye upepo. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa, unashuka na kujikusanya chini ya kitandiko, na sigara moja inatosha.

Pipa lililobeba dawa za mashamba au za kuchimbia dhahabu lisibebe chakula hata kama limeoshwa mara kumi.

Mfuko wa tabaka tatu

Kuna kitandiko ambacho hakitandikwi kwenye mtumbwi, kinavalishwa nafaka yenyewe. Mifuko inayoitwa PICS ina plastiki mbili ndani na mfuko wa kawaida nje. Ilianza na kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani huko Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980, juu ya kunde zilizoliwa na wadudu. Kila plastiki inafungwa peke yake. Wadudu ndani wanakosa hewa, na unyevu wa nje hauingii. Sharti moja: nafaka iwe kavu kabla ya kufunga. Nafaka mbichi ikifungiwa humo inaoza. Na plastiki ikitobolewa na ncha ya mti, kazi yake imekwisha, kwa hiyo mkeka chini bado unahitajika.

Kitandiko kinachoficha maji

Hatari kubwa zaidi si mchele kuharibika. Ni kitandiko kizuri mno, kilichopigiliwa, kinachoficha kinachotokea chini yake.

Hesabu ni fupi. Litre moja ya maji ni kilo moja. Sehemu ya mizigo yenye urefu wa metre 4 na upana wa metre 1, ikiwa na maji ya santimetre 5 tu, imebeba litre 200. Hizo ni kilo 200, sawa na mifuko 4 ya kilo 50, ambayo hakuna aliyeipakia. Na maji si kama mfuko: hayatulii. Mtumbwi ukiinama kidogo kushoto, yote yanakimbilia kushoto na kuuvuta zaidi. Abiria wakisimama kwa hofu, unapinduka.

Kwa hiyo kila kitandiko kiachiwe shimo la kutoshea maji, kwa kawaida nyuma karibu na mwenye moteri, pana kiasi cha kuingiza kopo. Lisifunikwe na mzigo. Mtu mmoja awe na kazi ya kuangalia kila baada ya muda, na kipande cha mti chenye alama kinamwonyesha kama maji yanapanda kuliko kawaida. Yakipanda haraka, mtumbwi uelekezwe ufukweni kwanza, maswali baadaye.

Ukungu na tumbo la watu

Mchele au karanga zilizolowana mara nyingi hazitupwi. Zinaanikwa, zinachanganywa na nzuri, zinauzwa. Hapo shida ya mchuuzi inageuka shida ya kila nyumba. Baadhi ya ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi hutoa sumu inayoitwa aflatoksini. Haionekani kwa macho, haiishi kwa kupikwa, na inaharibu ini. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu yaliugusha watu 317, na 125 kati yao walikufa. Maisha yanaweza kutegemea mkeka mkavu.

Karanga zenye rangi ya kijani, nyeusi au zilizokunjamana zichaguliwe na kutolewa. Zisipewe kuku wala mbuzi.

Ujuzi uko tangu zamani

Kusafirisha chakula juu ya Lualaba si jambo jipya. Wagenya walishika mitumbwi ya mto huo kabla ya wageni kufika, na Mwingereza Verney Lovett Cameron alipofika Nyangwe mwaka 1874 akitaka kuteremka nao, alikosa mitumbwi, akaenda kwa miguu mpaka Atlantiki. Mpunga uliletwa na wafanyabiashara waliotoka Zanzibar katika karne hiyo ya 19, na mpaka leo Kasongo inajulikana kwa mchele. Kinachobadilika ni vifaa: shiti mahali pa majani, moteri mahali pa kasia. Maji na jasho la usiku ni yale yale.

Kabla ya kupakia

Mtumbwi ukaguliwe mtupu, juani, mianya izibwe. Kichanja kiinuliwe na kusafishwa. Mkeka unuswe. Bashi iangaliwe kwenye mwanga. Nafaka ipimwe kwa chumvi. Mifuko iachane na mbavu za mtumbwi kwa upana wa kiganja. Shimo la kutoshea maji liwe wazi, na kopo liwepo. Wakifika, vitandiko vyote vitolewe vianikwe, na mtumbwi ubaki wazi mpaka ukauke.

Mwenye pesa kidogo aanze na kichanja na mikeka miwili, kisha atafute bashi ya juu. Bashi ya chini ifuate. Tripleksi na vingine ni vya bwato kubwa lenye mapato yake. Mpangilio huo unagharimu siku moja ya kazi msituni kukata miti, na unaweza kuokoa mifuko ambayo mtu bado hajamaliza kuilipa.